Safari ya familia Zanzibar msimu wa Sauti za Busara: mwongozo kamili, kuanzia kalenda ya shule mpaka boti ya kurudi

Wengi wakisikia tamasha la muziki akili inaenda moja kwa moja kwa vijana, bia na kukesha, halafu wanajisemea hii siyo ya mtu mwenye watoto watatu na mama mkwe. Mimi nabisha. Sauti za Busara pale Unguja ni moja ya safari rahisi kufanya na familia, ila kwa sharti moja: uipange kama safari ya watoto ambayo usiku ina muziki, usiipange kama safari ya muziki ambayo imebeba watoto. Hapo ndo kila kitu kinaamuliwa, mtalala wapi, mtapanda boti ya saa ngapi, mtanunua tiketi za siku ngapi, na kama bibi atarudi nyumbani anacheka au amenuna.

Kwa wasioijua, tamasha lilianza Februari 2004, linafanyika Mji Mkongwe na kwa miaka mingi jukwaa kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, ile ngome waliyoijenga Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa. Wanamuziki wanatoka pande zote za Afrika na kinachopigwa pale kinapigwa laivu, hakuna mtu wa kuja kuchezesha midomo juu ya plebaki. Marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Unguja aliyefariki 2013, alikuwa mwenyeji wa jukwaa lile. Sasa twende kwenye mipango.

Hatua ya 1: kalenda tatu mezani kabla hujagusa hela

Kalenda ya kwanza ni ya shule. Februari Tanzania watoto wako darasani, na Kenya vilevile, kwa hiyo mwenye mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne ajiulize mara mbili. Kwa watoto wadogo unaweza kuongea na mwalimu mapema ukaomba ruhusa ya siku zote za safari, walimu wengi wanaelewa ukiwaambia ukweli badala ya kusema mtoto anaumwa halafu akirudi shule anakuja mweusi tii kwa jua na anasimulia kobe wa kisiwa cha Changuu.

Kalenda ya pili ni ya Kiislamu, na hapa wengi watakwama miaka hii. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari na 2028 itaanza mwishoni mwa Januari. Unguja mwezi wa Ramadhani hakuna muziki wa jukwaani, na mchana hauli hadharani, ukiwa na watoto wadogo mchana kutwa ni kutafuta mahali pa kujificha kula. Kwa hiyo usishike kichwani kwamba "Busara ni Februari, basi", subiri waandaaji watangaze tarehe, soma kwenye kurasa zao wenyewe sio kwenye posta iliyosambazwa WhatsApp. Na kumbuka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa pesa za kuliendesha, kwa hiyo kanuni yangu ni hii: hakuna malipo yasiyorudishwa kabla tarehe haijatangazwa rasmi.

Kalenda ya tatu ni ya mwezi na maji ya bahari, hiyo nitaieleza kwenye siku za ufukweni, ila iandike hapohapo juu ya karatasi.

Kama kalenda ya shule inakataa kabisa usilazimishe, kuna njia nyingine. Mwezi wa saba kuna Mwaka Kogwa kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, sherehe ya mwaka mpya wa Kishirazi, wanaume wanapigana kwa mashina ya migomba kumaliza vinyongo vya mwaka na wanawake wanaimba wamependeza, inafanyika mchana na watoto wanaipenda sana maana kuna ugomvi ambao ni ruksa. Bagamoyo kuna tamasha la sanaa na utamaduni la TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha palepale, lipo tangu miaka ya mwanzoni ya 1980, miaka ya karibuni limekuwa likifanyika kati ya Septemba na Novemba, na Bagamoyo ni kama kilomita 70 tu kutoka Dar, mnaweza kwenda na kurudi na katikati mkaona magofu ya Kaole. Kwa watu wa Kenya kuna tamasha la utamaduni Lamu, kwa kawaida Novemba, kuna mashindano ya punda na ya majahazi. Tamasha la muziki la Nyege Nyege la Uganda waachieni vijana, nawaambia tu.

Hatua ya 2: malazi kabla ya tiketi

Watu wanaanza na tiketi za tamasha, mimi naanza na kitanda. Tiketi huwa zipo, vyumba vya familia ndani ya Mji Mkongwe wikiendi ile ndo vinaisha mapema, hasa vile vya vitanda vitatu au vyumba viwili vyenye mlango katikati.

Mkae wapi? Ukiwa na watoto chini ya miaka 10, kaeni mahali ambapo mnatembea kwa miguu kutoka Ngome Kongwe, maana siri yote ya safari hii ni mzazi mmoja kuweza kuwarudisha watoto saa tatu usiku bila kutafuta teksi na mwingine akabaki anasikiliza. Shangani na Vuga ni karibu kabisa. Kiponda na Malindi ni mbele kidogo lakini bei huwa inapumua, na Malindi ni jirani na bandari. Ukitaka bei za wananchi hasa, vukeni barabara muingie Ng'ambo, Kikwajuni au Michenzani, kuna nyumba za kupangisha kwa siku zenye jiko na mkipika chai na mayai wenyewe asubuhi mmeokoa hela ya kuonekana. Mbweni na Mazizini kuna utulivu na bustani ila usiku mtategemea gari.

Kabla hujatuma hata shilingi piga simu, usiishie kwenye picha. Uliza ngazi. Nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi za mbao zilizosimama wima kama za darini, bibi mwenye magoti mabovu akipewa chumba ghorofa ya tatu ndo imetoka hiyo, atakaa juu huko mpaka siku ya kuondoka. Uliza kama kuna jenereta au feni inayofanya kazi kweli, Februari ni kipindi cha kaskazi, joto linafika 32 na unyevu wa bahari juu yake. Uliza chandarua kwa kila kitanda, uliza watoto wanalipiwaje, uliza gari linafika mpaka wapi maana vichochoro vingine hata baiskeli inapita kwa adabu, hivyo mabegi ya mgongoni ni bora kuliko masanduku ya matairi. Na baadhi ya gesti huuliza cheti cha ndoa kwa wenyeji, muwe na picha yake kwenye simu muepuke mjadala saa nne usiku na mtoto amelala begani.

Ukishakubaliana omba bei kwa maandishi, tuma arbuni tu, hela iliyobaki lipa ukifika. Mtu anayekukazania ulipe yote kwa namba ya simu yenye jina lingine kabisa, achana naye.

Hatua ya 3: mtafikaje

Wa bara wengi ni boti ya kasi kutoka Dar, kama masaa mawili hivi, ofisi za boti ziko Sokoine Drive mkabala na kanisa la Mtakatifu Joseph. Ile wiki boti zinajaa, kata mapema, na kata kwa majina yaliyo kwenye kitambulisho. Kwa watoto beba vyeti vya kuzaliwa, nakala inatosha, inathibitisha umri kwa ajili ya nauli ya mtoto na pia uraia maana nauli ya mkaazi na ya mgeni zimepishana sana. Tiketi nunua ofisini au kwenye mfumo wa kampuni, sio kwa kijana anayekukimbilia ukishuka kwenye bajaji akikuambia boti imejaa ila yeye anazo mbili.

Boti ya asubuhi ndo ya familia. Sababu ni mbili, moja mkifika mna siku nzima ya kutulia, ya pili watoto hawajachoka wala hawajala hovyo. Kuhusu kichefuchefu, usiwajaze chipsi mayai kabla ya safari, mkate mkavu na chai ya tangawizi inatosha, kaeni chini na kuelekea nyuma ambako hapayumbi sana, mtoto aangalie mbali kwenye upeo wa bahari sio katuni kwenye simu. Kama kuna mtoto mnayejua anatapika hata kwenye daladala, ulizeni dawa famasi siku moja kabla. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, Zanzibar walipiga marufuku zamani sana kabla hata ya bara, kwa hiyo mfuko wa kutapikia uwe wa karatasi.

Wanaotoka Dodoma na Morogoro siku hizi raha, treni ya SGR ilianza 2024 na stesheni ya Dar haiko mbali na bandari, ila usifanye ujanja wa kuunganisha treni na boti siku hiyohiyo kwa dakika za kuhesabu. Laleni Dar usiku mmoja kwa ndugu, ndugu wapo kwa kazi hiyo.

Wakenya kuna ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwepo, kwa watoto pia kuanzia mwaka 1, chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla. Ndugu zetu wa diaspora wenye paspoti za nje wajue kwamba tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipia bima ya lazima ya dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima yake ya Ulaya, hiyo iingizeni kwenye bajeti mapema kabla hamjafika airport mkaanza kulaumiana.

Mkishuka bandarini mtapokelewa na watu wengi wanaojua jina lako la ukoo lililopo kwenye begi. Hao ni mapapasi, madalali wa wageni. Siyo watu wabaya wote, wengine wana msaada, lakini ukiwa na watoto na mizigo huna nafasi ya kujadiliana, kwa hiyo mpangie mwenye nyumba awatumie mtu, na wewe salimia vizuri, sema "tumeshapokelewa, ahsante" na mtembee. Salamu usiibane, Unguja mtu anayepita bila salamu anaonekana hajalelewa.

Hatua ya 4: tiketi za tamasha, nunua chache

Bei za Watanzania na za wageni kutoka nje zimepishana mno, na mlangoni wanaangalia kitambulisho, kwa hiyo NIDA ibebeni. Tamasha kawaida ni Ijumaa hadi Jumapili, kuna miaka limeongezwa siku, na muziki unaanza jioni unaenda mpaka usiku wa manane umepita.

Ushauri wangu msinunue tiketi za siku zote kwa watu wote. Chagueni usiku mmoja wa familia nzima, basi, na mwingine mmoja wa wazazi kwa zamu au kwa pamoja kama bibi atakaa na watoto. Usiku wa familia uchaguliwe kwa ratiba: programu ikitoka tafuta siku ambayo taarab au ngoma au bendi ya kucheza kwa furaha iko mwanzoni, sio saa sita usiku. Kundi kubwa la nje likiwekwa la mwisho, watoto hawataliona na hiyo ni sawa kabisa. Masharti ya umri na bei ya mtoto yasome mwaka huohuo kwenye tangazo lao.

Halafu kuna vitu vya bure ambavyo kwa watoto ni bora kuliko hata ndani. Siku ya ufunguzi huwa kuna maandamano yanayoanzia Michenzani pale Kisonge na kuteremka mpaka Forodhani, beni na matarumbeta yao, ngoma, watu wanaotembea juu ya miti mirefu, mji mzima unatoka nje. Fikeni mapema, simameni upande wenye kivuli, mtoto mdogo apandishwe mabegani. Na Forodhani iko mbele ya Ngome, mkikaa pale kwenye bustani muziki wote mnausikia, kuna familia za mjini miaka nenda rudi zinahudhuria tamasha kwa staili hiyo na urojo mkononi. Mchana pia wanamuziki wanajaribu vyombo, mkipita karibu mnasikia "cheki, cheki, moja mbili" kisha ghafla besi inapiga, mtoto anaanza kuuliza maswali, ndo mahali pazuri pa kumuandaa kwa usiku.

Wiki mbili kabla ya safari wachezeeni nyumbani taarab asilia kidogo kidogo, Nadi Ikhwan Safaa ambao wapo tangu 1905, au Culture Musical Club. Waonyeshe qanuni ni ipi, udi ni upi, fidla, akodiani. Mtoto anayejua jina la chombo anakaa anakitafuta kwa macho jukwaani na hasumbui. Na mfundishe kutunza: mpe noti ya elfu moja ikiwa imekunjwa, muimbaji akifika kwenye mstari uliomgusa mama, basi mama anasimama taratibu, mkono juu, anacheza akielekea mbele na mtoto pembeni yake, noti inawekwa mkononi mwa muimbaji, mnarudi kwa madaha bila haraka. Hakuna mtoto ambaye atakataa hiyo kazi, na hakuna muimbaji wa taarab ambaye hatamchekea.

Hatua ya 5: usiku wenyewe

Mchana wa siku ya tamasha ni wa kulala. Siyo kupumzika, ni kulala, kuanzia saa nane mpaka saa kumi, pazia limefungwa. Familia zinazoonekana zimechoka na kugombana Forodhani saa mbili usiku ni zile zilizoenda ufukweni asubuhi, zikapita Darajani kununua vitambaa mchana, halafu zikaunganisha.

Kuleni kabla ya kuingia. Forodhani kuna mishikaki, pweza, juisi ya miwa na ile wanaita pizza ya Zanzibar, ila uliza bei kabla mshikaki haujaingia kwenye sahani, na vyakula vya baharini vilivyokaa nje tangu jioni mimi siwapi watoto. Kama unataka chakula cha uhakika na cha bei ya kueleweka pandeni Lukmaan kule Mkunazini mapema.

Ndani msikae mbele. Spika kubwa ziko pembeni ya jukwaa na masikio ya mtoto ni madogo, tafuteni nyuma karibu na ukuta ambako pia kuna upepo. Vile vifaa vya kufunika masikio vya watoto kama mnaweza kuvipata nunueni, kama hamvipati basi umbali ndo dawa. Kanga moja ya kukalia, nyingine ya kumfunika mtoto akisinzia, maji, powabenki, na namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto. Kubalianeni mahali pa kukutana mtu akipotea, mtoto mkubwa aonyeshwe kabisa mchana kukiwa na mwanga. Ndani kuna baa na kuna watu wanakunywa, ni vizuri ujue mapema kuliko kushangaa, ila kwa nilivyoona vurugu si kitu cha pale.

Saa tatu, tatu na nusu, watoto wanaondoka. Hata kama wanalia. Mzazi wa zamu anawapeleka, njia ileile yenye taa na watu, siyo njia ya mkato ya vichochoro ambayo mchana mliiona fupi.

Hatua ya 6: siku za mchana, na hapa ndo likizo yenyewe

Tamasha ni usiku mmoja au miwili, safari nzuri ni siku nane tisa. Kwa hiyo panga hivi: fika Jumatano, Alhamisi iwe ya mji na karibu karibu, wikiendi ya tamasha, halafu Jumatatu mhamie pwani mpumzike kabla ya kurudi. Wengi wanaanza pwani, mimi naona ni makosa maana watoto wakishaonja bahari hawataki tena kusikia habari za mji.

Jozani iwe ya kwanza. Ni hifadhi ya taifa kusini mashariki, kama kilomita 35 kutoka mjini, na kuna kima punju, kima wenye mgongo mwekundu ambao duniani kote wanapatikana Zanzibar tu. Daladala za kwenda Makunduchi au Jambiani zinapita getini kabisa, mkienda na daladala mnaokoa na watoto wanapata story, lakini nendeni asubuhi kukiwa na ubaridi. Kima wamezoea watu, wanakaa mita chache tu wanatafuna majani, jike na kitoto kifuani, anakuangalia kama wewe ndo uliyekuja kuonyeshwa. Msiwaguse, msiwape chakula, msipige picha za kujibana nao. Daraja la mbao kwenye mikoko nalo msiliruke.

Changuu, kisiwa cha kobe, ni boti ya nusu saa hivi kutoka ufukwe wa mjini. Kobe wale asili yao ni Aldabra, Seychelles, waliletwa 1919, kuna wenye umri kupita mababu zenu wote. Jela iliyopo ilijengwa 1893 na baadaye kikawa kisiwa cha karantini, kwa hiyo hadithi za wafungwa waliojazana mtakazouziwa njiani zichukulieni polepole. Bei ya boti ni ya chombo kizima, mkipata familia nyingine mgawane. Hakikisha kuna majaketi ya kuokolea ya saizi ya mtoto, myaone kwa macho kabla ya kupanda, kama hakuna nenda boti nyingine hata kama mmeshakubaliana bei.

Mashamba ya viungo Kizimbani na Kidichi yanafaa kwa umri wote, karafuu, mdalasini, hiliki, mtoto anakisia harufu huku macho amefumba, na hapohapo Kidichi kuna hamamu ya Kiajemi aliyoijenga Sultani Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe.

Soko la watumwa Mkunazini, pale penye kanisa la Anglikana, ni pa kwenda lakini siyo kwa kila mtoto. Vile vyumba vya chini ni vizito. Mwenye miaka 10 na kuendelea aende na mzazi atakayekaa naye jioni wazungumze, wadogo wabaki na bibi wanywe juisi. Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, msiwaahidi watoto kuingia bila kuulizia kwanza, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Vijana wa sekondari wanaopenda muziki wapelekeni nyumba ya kumbukumbu ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, Shangani, wengi hawajui kwamba alizaliwa hapahapa Unguja 1946.

Kizimkazi kufukuza pomboo mimi siipendi, boti kumi zinamzunguka mnyama mmoja na injini zinanguruma. Mkienda kusini, uoneni msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107, vaeni vizuri na muombe ruhusa.

Sasa bahari. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, ni nzuri mno na nafuu kidogo, ila maji yakitoka yanatoka kweli, mnaweza kutembea nusu saa mkiyatafuta. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakupwa kabisa mida ya saa nne asubuhi na kujaa mida ya saa kumi jioni, na kila siku yanasogea mbele kwa karibu saa nzima. Kipindi cha maji mafu, katikati ya hapo, tofauti ni ndogo na mnaoga muda mrefu. Kwa hiyo angalia mwezi kabla ya kubuku. Kama siku zenu zinaangukia bamvua na watoto wenu ni wa kuogelea asubuhi, nendeni Kendwa au Nungwi kaskazini ambako bahari haikimbii hivyo. Ila pia msidharau maji kupwa, ndo wakati wa kuona akina mama wanaolima mwani Paje, vijiti na kamba mstari mrefu, wanafunga mbegu moja moja huku wakipiga soga, ukiwasalimia vizuri wanawaelezea watoto. Viatu vya maji ni lazima, kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, mwiba ukiingia mguuni safari imekwisha siku mbili. Na mavazi ya kuogelea yaishie ufukweni, kijijini na mjini mabega na magoti yafunikwe, baba pia.

Hatua ya 7: pesa

Gawa hela kwenye mafungu kabla ya kuondoka: usafiri, malazi, chakula, matembezi, tamasha, na fungu la dharura ambalo haligusi mtu. Usafiri na malazi yalipwe kabla ya safari, muanze kuweka miezi sita nyuma kidogo kidogo, hata kwa kikundi cha M-Koba (akiba ya pamoja kwenye simu) cha ndugu kama mnaenda familia mbili. Familia mbili ndo hesabu tamu kuliko zote, boti ya Changuu nusu, gari la Jozani nusu, na wazazi wanapokezana kulinda watoto usiku wa tamasha. Watoto wakubwa wapeni hela yao ya zawadi siku ya kwanza, ikiisha imeisha, mtashangaa wanavyoanza kulalia bei Darajani. Taslimu ibebeni ya kutosha, ufukweni mashine za kutolea hela ni chache na wikiendi zinakauka.

Hatua ya 8: kurudi

Jumatatu baada ya tamasha kila mtu anataka boti ya kwanza, ndo sababu nyingine ya kumalizia pwani na kurudi Jumatano au Alhamisi. Mkilala Nungwi au Paje usiku wa mwisho mpaka bandarini ni zaidi ya saa moja kwa gari, na gari lililoahidiwa saa kumi na moja alfajiri linaweza kufika kumi na mbili, kwa hiyo ama mrudi mjini jioni mlale Malindi ama mkate boti ya mchana. Viungo vifungeni vizuri kwenye mabegi ya kuingia nayo, mafuta ya karafuu yafunikwe kwa mfuko wa kitambaa maana yakimwagika nguo zote mpaka Pasaka zinanuka. Wanaounganisha basi la mkoani wasikate tiketi ya siku ileile ya boti, na mwalimu apelekewe hata pakiti ya iliki, mwakani mtamuomba tena ruhusa.